MJADALA: Safari Rally imenona, mbio za mashinani zimekonda. Pesa ziende wapi?

Wadau wa mbio za magari, tuliongee hili mapema, kabla Naivasha, makao ya Safari Rally, haijafurika tena. Kila Safari Rally inapokaribia tunaambiwa kwamba tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mchezo wa magari Kenya umefufuka. Mimi napinga. Kilichofufuka ni wikendi moja. Raundi za ubingwa wa taifa, na hasa zile mbio fupi za autokrosi ambako dereva hufunzwa kazi, zinakwenda kwa kuchechemea. Serikali imekuwa ikibeba sehemu kubwa ya gharama za Safari. Msimamo wangu ni kwamba fungu la fedha hizo likatwe, lipelekwe huko chini.

Sina chuki na Safari. Ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na imetupa watu wa kujivunia: Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, Ian Duncan mwaka 1994. Ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, waliopigania irudi walifanya kazi kubwa na wapewe haki yao.

Sasa nitajieni Mkenya aliyeshinda tangu irudi. 2021 ni Ogier, 2022 Rovanperä, 2023 Ogier tena, 2024 Rovanperä tena, 2025 Evans, wote madereva wa kigeni. Onkar Rai alimaliza wa saba mwaka 2021, na tulishangilia kama tumechukua kombe.

Najua jibu litakalokuja: kwenye ubingwa wa Afrika Wakenya wanatamba. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Manvir Baryan alitwaa taji hilo 2017, 2018 na 2019, Carl Tundo 2021, na Karan Patel baada yake. Vipaji vipo, hakuna anayebisha. Lakini kuna jambo moja ambalo huwa hatulizungumzi, nalo ni gari wanaloendesha.

Wakubwa wetu hao wa Afrika wametamba zaidi kwa magari ya daraja linaloitwa leo Rally2, zamani R5. Hilo ni gari la mashindano tangu linapotoka kiwandani: injini ya lita 1.6 yenye turbo, magurudumu manne yanayovuta, na bei inayopita euro 200,000 kabla hujanunua tairi hata moja ya akiba. Mambo hayakuwa hivyo enzi za Kundi N. Subaru Impreza au Mitsubishi Evo ya Kundi N ilikuwa gari la dukani lililotiwa keji ya chuma ndani, viti vya mashindano na mikanda. Likivunjika mkono wa gurudumu Jumamosi, fundi aliyelijua gari lile alikuwepo, na spea ungeweza kuzihangaikia Grogan au Kirinyaga Road, Nairobi. Sasa Evo zimeacha kutengenezwa na zilizobaki zinazeeka. Hata mikanda ya usalama yenye kibali cha FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ina tarehe ya kuisha, iwe imewahi kumshika mtu kwenye ajali au la. Dereva wa kipato cha kati aliyekuwa akishiriki raundi tatu kwa mwaka kwa kuunga-unga amejikuta hana ngazi ya kukanyaga: juu kuna Rally2, chini kuna gari kuukuu lisilo na spea.

Ndiyo maana majina hayabadiliki. Tazameni kizazi kipya tulichokishangilia. McRae Kimathi, aliyekwenda kushindana kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022, ni mwana wa Phineas Kimathi. Hamza Anwar ni mwana wa Asad Anwar. Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3, la magari yaliyo chini ya Rally2, kwenye Safari ya 2022, ni binti wa Jimmy Wahome. Carl Tundo mwenyewe ni mwana wa Frank Tundo. Wazazi wote hao waliendesha. Silalamiki kwamba watoto wao wamependelewa, kwa sababu usukani haujui baba yako ni nani ukifika kwenye kona ya mawe. Ninachosema ni kwamba mlango wa kuingilia mchezo huu umebaki mmoja, nao ni sebule ya nyumbani kwa mtu aliyekwisha ingia.

Nendeni autokrosi siku moja muone kinachowezekana. Uwanja wa udongo, njia imepangwa kwa matairi makuukuu, gari linaondoka peke yake dhidi ya saa. Kuna daraja la Bambino, watoto ndani ya vigari vya mabomba, kofia ya chuma imemzidi mtoto kichwa, mzazi amepiga goti vumbini anakaza mkanda kwa mara ya tatu. Baadaye anakuja mtu na gari la magurudumu mawili yanayovuta, namba ya mlangoni imeandikwa kwa utepe wa gundi, na anazunguka kona ya mwisho ubavu-ubavu mpaka watu wanapiga kelele. Watu wenyewe lakini ni wachache: ndugu, mafundi, na mwuza mahindi.

Huku Naivasha vijana kwa maelfu wanafika na Subaru zao, na wengi hawawezi kukwambia nani anaongoza. Sherehe za Vasha, yaani Naivasha, sina neno nazo, hoteli zinajaa na wauza nyama wanapata. Ila tusizihesabu kuwa ni maendeleo ya mchezo.

Ningekuwa na sauti, ningetaka mambo mawili. Kwanza, uwanja wa kudumu wa udongo karibu na Nairobi, wenye wigo, choo na gari la wagonjwa, ili klabu zisiwe zinabembeleza wenye mashamba kila mwaka. Waganda wana Busiika, ambako autokrosi na pikipiki zina makao yanayojulikana.

Pili, daraja la magari madogo. Vitz ama Demio, injini kama ilivyotoka kiwandani na kufungwa lakiri, keji, kiti, mkanda, basi. Anayefungua injini anafutiwa matokeo. Fundi yeyote wa mtaani anaijua Vitz akiwa amefumba macho. Na asitokee mtu wa kusema vigari hivyo vinaaibisha mchezo. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliifikisha Subaru Vivio mwisho wa Safari, kigari cha injini ya cc 660, ilhali Colin McRae, dereva wa Uskoti, aliyekuwa na Vivio kama hiyo aliishia njiani. Mwaka uliofuata Njiru akamaliza wa nne kwa Impreza.

Kuna watakaouliza kwa nini shilingi ya umma iguse mbio za magari wakati hospitali hazina dawa. Swali la haki, na kama jibu ni kufuta zote, Safari ikiwemo, nitaelewa. Ila kama pesa zitaendelea kutoka, na dalili zote ni kwamba zitatoka, siombi hata senti ya nyongeza. Naomba igawanywe upya.

Wadhamini nao wanafuata kamera. Benki ya KCB iliwahi kudhamini ubingwa wa taifa kwa miaka mingi, na tofauti ilionekana: mabango, zawadi, waandishi wa habari. Kampuni haitaweka pesa pahali ambapo hata tarehe ya raundi ijayo inabahatishwa. Uwanja wa kudumu wenye kalenda isiyoyumba ungesaidia kuliko barua mia za kuomba msaada.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeamini Safari peke yake inatosha anijibu hili: kijana wa Gilgil aliyeona magari ya Safari yakipasua vumbi hifadhi ya Soysambu, hana baba dereva, na anataka kushika usukani mwezi ujao, aende wapi? Na asinijibu "ajiunge na klabu" bila kutaja klabu gani, ada kiasi gani, na gari la nani.