"Maji yatazoea": fundi wa bafu langu, mnamjua, kesho saa mbili anakuja kuchukua hela

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama, miguu imelowa, na niko chumbani kwangu. Si bafuni. Chumbani.

Nyie wa Ilazo, Kisasa na Nzuguni hapa Dodoma, fundi huyu mnamjua, msijifanye. Pikipiki inasikika robo saa kabla hajafika, penseli iko sikioni tangu enzi za mkoloni na haijawahi kuandika hata namba moja, na simu yake ukiwa hujamlipa anapokea kabla haijaita. Ukishamlipa haipatikani mpaka wajukuu waoe. Kama hajapita kwako, yuko njiani.

Nilimpa bafu, chini na ukutani. Bafu lenyewe mita mbili kwa moja na nusu, ng'ombe wa Kongwa akiingia hageuki, anatoka kinyumenyume. Akasema siku nne. Leo ya kumi na tisa. Jioni hii kaniita kwa mbwembwe, "mama njoo uone hoteli". Nikafungua maji nijaribu hoteli yangu. Wakuu, yale maji yaliliona tundu la kutolea maji taka, yakalipita pembeni kama mtu anayemkwepa anayemdai, yakashika njia ya mlangoni, yakaingia chumbani. Tundu limebaki limeinuka pale katikati, kavu, kama kisiwa. Kandambili za baba watoto nimezikuta chini ya kitanda. Zilisafiri zenyewe.

Nikamwambia, fundi, maji yanakuja chumbani. Akayatazama. Akachuchumaa, akayatazama tena kwa huruma kabisa. Akasimama, akajipangusa magoti, akasema: "Mama, bafu bado jipya hili. Maji yatazoea."

MAJI YATAZOEA.

Yatazoea nini? Ni mtoto kapelekwa bweni, atalia wiki mbili kisha anyamaze?

Sijataja bado mstari wa marumaru pale ukutani, ulioanza na nafasi ya njiti ya kiberiti ukaishia na nafasi ya kidole gumba. Sijataja vipande vya kuzunguka choo vilivyokatwa kama mkate uliong'atwa na panya. Hayo ningemeza. Nilinunua boksi sita, akasema tatu zilivunjika zikiwa kwenye toroli, sawa, nikameza. Lakini yatazoea!

Sasa kabakiza elfu hamsini kwenye laki mbili na nusu, na kesho saa mbili anaifuata. Baba watoto anasema tumpe yaishe, tujenge kizingiti mlangoni, maisha yaende. Ijumaa mama mkwe anashuka kutoka Kondoa na magoti yake yale, huyo ndiye wa kumrusha kizingiti? Nipokee kazi au nibomoe? Nishaurini, maana nikikumbuka alivyojipangusa yale magoti...

Mbuyu Mkavu: Umepigwa. Endelea na maisha.

Zabibu Mbichi: Nimecheka mpaka bosi kageuka. Kandambili zilisafiri zenyewe 😂 Zilikata tiketi ya treni ya umeme?

Mwana wa Area C: Dada, jina la mji wenyewe limetoka Idodomya, pale tembo alipozama. Ulihamia mahali panapodidimia, sasa unashangaa maji kutafuta bonde? Bafu lako ndilo Dodoma halisi.

Kokoto: Swali moja tu mleta mada. Ulimpata wapi na ulimlipa nini? Laki mbili na nusu bafu zima chini na juu, na bado ulimwomba apunguze, sema ukweli.

Mleta mada: @Kokoto nilimwomba apunguze elfu thelathini, sikumwomba apunguze akili. Na hata kama ningempa buku tano, maji hayazoei!

Fundi Mstaafu: Mimi nimeshika mwiko miaka mingi, nisikilize mama. Mteremko hautengenezwi na marumaru, unatengenezwa na ile zege ya chini kabla ya marumaru. Sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Huyu alinyoosha sakafu ya bafu kama sebule, halafu tundu akaliacha juu. Hakuna grauti wala silikoni itakayokuokoa hapo. Sakafu inabomolewa, ukuta unaweza kubaki isipokuwa ule mstari wa chini kabisa, huo utaumia. Kabla hajafika kesho chukua ufunguo, gonga marumaru moja moja. Inayolia kama debe tupu haina udongo chini, hiyo itang'oka hata bila maji. Weka alama kwa chaki. Halafu mmwagie ndoo moja mbele yake, na safari hii awe amevaa soksi.

Zabibu Mbichi: Soksi 😂😂

Mleta mada: Fundi Mstaafu Mungu akubariki baba. Nimegonga. Kumi na saba zinalia. Bafu zima kama ngoma ya Wagogo, nikigonga kwa mpangilio wajukuu wa jirani watakuja kucheza. Na hapo tena namkumbuka kachuchumaa anayatazama maji yangu kama mganga.

Hamisi wa Majengo: Mimi ningempa hela yake. Elfu hamsini si kitu, presha ni kitu. Kizingiti cha tofali moja, plasta juu, kwisha. Mama mkwe atazoea.

Mleta mada: @Hamisi wewe ndiye yeye. Hiyo pikipiki umeegesha wapi?

Saruji Nusu Mfuko: Ngoja tupige hesabu, mimi haya mambo ya boksi yananiuma. Mita mbili kwa moja na nusu ni mita za mraba 3. Za chini kama ni zile za 30 kwa 30, mita moja inakula 11 na kitu, kwa hiyo vipande 34. Ongeza vya kukata na kuvunjika vinne, 38. Boksi lako lina vipande vingapi?

Mleta mada: 17. Zile sita ni za chini tu, za ukutani tulinunua kando.

Saruji Nusu Mfuko: Boksi tatu ni vipande 51. Zilitosha na chenji ikabaki. Hizo tatu "zilizovunjika" zilivunjikia mfukoni kwa mtu.

Mkonze Kwetu: Samahani, hizo marumaru ni za kijivu zenye madoa meusi kama mbegu za ubuyu? Nauliza tu. Jumamosi nimeuziwa boksi tatu bei ya kutupa. Jamaa alikuja na pikipiki inayopiga kelele balaa.

Mbuyu Mkavu: 👀

Mleta mada: KIJIVU CHENYE MADOA MEUSI. @Mkonze Kwetu usiziguse! Usizibandike! Ulizinunua kwa nani? Alikuwa na penseli sikioni?

Bi Shamba: Wewe una maji ya kukufuata mpaka kitandani na bado unalalamika? Huku kwetu bomba likifunguliwa linatoa upepo tu, wa Dodoma uleule, mpaka vumbi linatoka. Siku nne tunaamka saa nane usiku kukinga ndoo. Yakija na mimi nayakaribisha chumbani, nayatandikia shuka.

Kokoto: @Bi Shamba umesema kweli, na yakija yana chumvi mpaka birika linaota gamba. Mleta mada atulie.

Mtumishi Mpole: Tatizo ni sisi tuliohamia na serikali kuanzia 2016. Tulikuja na haraka ya kujenga, kila aliyekuwa anachunga akashika pimamaji.

Mwana wa Area C: Angalau angeshika pimamaji. Na hao wachungaji uwaheshimu, mbuzi wao wanajua njia ya maji kuliko fundi wa huyu dada.

Shangazi Miyuji: Fundi ujenzi ana afadhali, utabomoa. Mimi fundi cherehani alinipunguzia kitenge cha harusi ya mdogo wangu. Doti nzima nilimpa. Nimevaa kitu kinaishia magotini, na mke wake nimemwona Jumapili kanisani na kilemba cha kitenge kilekile.

Zabibu Mbichi: Shangaziiii 😂 Ulimfanya nini?

Shangazi Miyuji: Nilimsalimia. Ningefanyaje, ibada ilikuwa imeanza.

Hamisi wa Majengo: Mafundi cherehani wana laana yao. Wangu kila nikienda anasema "imebaki vifungo tu". Idi imepita, ikaja nyingine, imebaki vifungo tu.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Nimeamua simpi elfu hamsini mpaka amwage zege upya, na zile boksi azirudishe. Baba watoto kanuna. @Mkonze Kwetu mbona kimya? Zile boksi ziko wapi?

Fundi Mstaafu: Hapo sawa. Ila uwe na shahidi, na mwambie mteremko kwa sentimita, usimwambie "kidogo tu".

Bi Shamba: @Hamisi vifungo vyenyewe wanakuwekea vya rangi tofauti.

Mleta mada: @Mkonze Kwetu??

Mtumishi Mpole: Mimi suti ya kuapishwa kwa dada yangu ilirudi ina mifuko mitatu upande mmoja, upande wa pili hakuna. Namuuliza, ananiambia "bosi, wewe si unatumia mkono wa kulia?"

Zabibu Mbichi: 😂😂😂 Huyo yuko wapi, namtaka anishonee suruali.

Mtumishi Mpole: Karibu na Sabasaba pale, uliza fundi wa mifuko, kila mtu anamjua.