Mliosoma shule ya wasichana Kilakala, Morogoro (na Marian ya masista), tupeane uzoefu: tuwakumbuke dada zetu waliofika mbali

Binti Uluguru: Nimemsikia binti yangu akimwambia mwenzake kuwa shule za wasichana watupu hazitoi viongozi. Imeniuma. Mama Gertrude Mongella alitoka Ukerewe akaja Morogoro kusoma kwa masista wa Maryknoll. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa Mkutano wa Beijing, ule wa dunia wa wanawake, na 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mama Anne Makinda naye akawa spika wetu wa kwanza mwanamke, 2010. Ongezeni, na mseme mnakumbuka nini.

Mama Watatu: Majina hayo tulitajiwa paredi kila tukifeli hesabu.

Kaka Msomaji: Mongella alisoma Marian College. Makinda ndiye wa Kilakala.

Dada Mkuu Mstaafu: Kaka yangu, Marian ndiyo Kilakala. Shule zilitaifishwa, jina likabadilika. Hatugawi mama zetu kwa ubao wa getini.

Mwana Weruweru: Na Dkt. Asha-Rose Migiro je? Weruweru hiyo! Naibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, 2007 hadi 2012.

Wa Korogwe: Kidato cha tano na sita alisoma Korogwe. Msimmalize peke yenu.

Dada Mkuu Mstaafu: Hapa tunazungumzia Kilakala, wadogo zangu.

Matroni Mdogo: Mimi sikusoma Kilakala, na shule yangu siitaji, ila naomba niseme. Kwetu aliyeongoza fizikia alikuwa msichana tuliyelala naye kitanda cha juu na chini. Kidato cha tatu tulipotoka likizo tukapimwa mimba, wote, kwa foleni. Jioni ile jina lake likaitwa paredi mbele ya shule nzima. Hakulia. Alirudi bwenini, akafungua tranka, akatugawia madaftari yake, la fizikia akanipa mimi. Matroni akasimama mlangoni akimhimiza afanye haraka, basi lisimwache. Hakuna aliyemsindikiza, tulikatazwa. Aliyempa mimba tulimjua wote, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Fizikia nilifaulu kwa daftari lile. Yeye alikaa nyumbani akalea, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasomea ukunga. Siku nakwenda kujifungua kifungua mimba wangu, nageuza shingo, aliyevaa glavu ni yeye. Alinishika mkono usiku kucha. Hakuna paredi itakayomtaja. Kwangu ndiye aliyefika mbali kuliko wote.

Mama Watatu: Nimelia ofisini.

Kaka Msomaji: Inasikitisha, lakini mada ni waliofika mbali kitaifa.

Mwana Weruweru: Kaka, aliyezalisha taifa si wa kitaifa?

Dada Mkuu Mstaafu: Naungana na Matroni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua warudi darasani. Wangapi wa kwetu waliondoka kabla ya hapo na vichwa vya kuwa kina Mongella? Hao nao tuwaandike.

Binti Uluguru: Mada imehama, lakini sitairudisha. Nimwambieje binti yangu sasa?

Wa Korogwe: Mpeleke shuleni kwenu siku ya mahafali, aone mwenyewe.

Mama Watatu: Usimpeleke popote! Atadhani unamdai uspika. Mwache asome.

Kaka Msomaji: Msimulie ya Makinda. Spika, halafu kamisaa wa Sensa ya 2022. Mtoto anataka kuona kazi haiishi.

Matroni Mdogo: Msimulie na ya mkunga wangu.

Binti Uluguru: Nitamsimulia zote mbili, ya mkunga kwanza. Na mwenye picha za Marian enzi za masista aziweke, hata zilizofifia. Waliokaa mstari wa nyuma nao wana majina, tuwatafute.