Naomba ushauri: matunda ya huu mti yanaliwa ama ni sumu?

Hamjambo wadau, niko Kisumu pande za Mamboleo, kwa ploti tumehamia kuna mti hapo karibu na geti, majani membamba yanang'aa, maua ya manjano kama tarumbeta, na ukivunja tawi linatoa maziwa meupe yananata. Tunda ni kijani lina pembepembe, likiiva linageuka jeusi, ndani kokwa moja ngumu. Watoto wanasema ni zambarau, mimi nakataa, zambarau haina maziwa na ikiliwa ulimi unabaki na rangi. Jirani anashuku ni oleanda ya manjano na hiyo ni sumu ya moyo, hasa mbegu, so nimewakataza kabisa. Anayeujua vizuri anisaidie tafadhali, na kama ndio huo nikiukata matawi naeza choma ama moshi pia ni mbaya?