Naomba ushauri: mlo wa mjamzito mwenye damu 10.2, chai haachi, udongo anatafuna

Habari wadau. Mjamzito ana wiki 22, damu 10.2 (kwa mjamzito, chini ya 11 ni pungufu). Kliniki wamempa vidonge vya madini chuma na foliki, kimoja kila siku. Anakimeza asubuhi na chai ya rangi, na hapo ndipo kinapopotea: chai hushika madini chuma yasifyonzwe. Maziwa nayo hupunguza. Tumbo likiwa tupu, anapata kichefuchefu.

Nimepanga kidonge kihamie wakati wa kulala, kwa maji na chungwa moja. Chai ikae mbali na mlo na kidonge, angalau saa moja, mbili ni bora. Mchana ale maharage au dagaa pamoja na mchicha. Mchicha uive dakika chache tu na maji yake yasimwagwe, maana foliki huondoka nayo. Limau likamuliwe mezani, kwa kuwa moto huua vitamini C. Maini sijayaweka, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mjamzito.

Choo cheusi hakinitishi, ni kawaida ya vidonge hivi. Kigumu ndicho kinamfanya aviruke siku nyingine. Maji na papai vimeongezwa, kuna kingine?

Na udongo wa dukani: unazuia madini chuma, wakati mwingine una madini ya risasi. Kumkataza tu hakusaidii. Mnaohudumia wajawazito, mnawapa kitu gani cha kutafuna badala yake, kisicho na chumvi nyingi?