Eti mkono wangu ni wa kushikia kijiko!

Mlenga_Paa (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Nimetoka kwa yule fundi bunduki muda huu. Jina silitaji, na hakuna haja, nyote mnamjua: yule mwenye miwani juu ya paji la uso ambayo haijawahi kushuka machoni tangu aanze ufundi. Yule anayeanza kila jibu na "mimi nimeanza kazi hii hujazaliwa."

Kanishika mkono. Mbele za watu sita. Kaugeuza kiganja juu kama mpiga ramli, akawatazama wote mmoja mmoja, akasema: "Bunduki haina shida. Mkono huu ni wa kushikia kijiko."

WA KUSHIKIA KIJIKO!

Ngojeni nitulie nieleze. Bunduki yangu ni Mauser 98 yenye mkono wa bolti (kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kutoa ganda) wa zamani, ule ulionyooka ubavuni kama tawi kavu. Nilitaka kufunga darubini. Anayezijua hizi anajua kwamba mkono ule ukiuinua unazunguka robo nzima ya duara, unasimama wima na kupiga darubini kwa chini. Lazima ukatwe, uchomelewe mwingine uliokunjwa. Na kirungu chake cha mwisho ni kidogo, kiganja kikilowa jasho kinateleza kama kambale. Nikamwomba mambo mawili tu: mkono ukae chini, na kirungu kiwe kikubwa kidogo. KIDOGO.

Kirungu alichoniwekea ukikifukia ardhini kitaota mnazi. Bunduki ikiwa begani kinanipiga mbavu, nikilala kifudifudi kulenga kinafika chini kabla yangu. Lakini hicho ningekivumilia, naapa ningekivumilia.

Leo nimepiga risasi ya kwanza. MOJA. Nikainua mkono wa bolti, ukainuka. Nikavuta, haurudi nyuma. Nikavuta kwa mikono miwili, wapi. Ganda la risasi limeng'ang'ania kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kama kupe. Nikaibeba ilivyo mpaka kwake. Akachukua nyundo ya mbao, pigo moja, ganda likaruka likamwangukia mzee mmoja pajani. Watu wakacheka. Halafu akaanza kufungua na kufunga bolti, chak-chak, chak-chak, laini kabisa, huku ananitazama. CHEMBA TUPU! Chemba tupu si hufunguka hata kwa mtoto? Nikamwambia hivyo hivyo. Ndipo aliponishika mkono.

Nimefika nyumbani nimeifungua ile bolti. Jamani. Chini ya weusi alioupaka nimekuta rangi za shingo ya njiwa, manjano, zambarau, samawati, zimetambaa kutoka kwenye shina la mkono mpaka karibu na katikati. Maana yake kachomelea bila kuvua chochote! Pini ya kulipulia risasi ndani, springi yake ndani! Springi imetoka imenywea, fupi kuliko nilivyompelekea. Na lile shina, pale ambapo pana mteremko unaosukumana na mwili wa bunduki ukimaliza kuinua mkono, kapiga tupa mpaka pamelala bapa. Kwa sababu gani? Ili "papendeze." Ule mteremko ndio unaoirudisha bolti nyuma milimita chache za kwanza na kulibandua ganda! Risasi ikilipuka ganda hutanuka likashika kuta za chemba, sasa nani atalibandua? Mimi? Kwa huu mkono wa kijiko?

Watu sita, wakuu. Na mmoja wao ni mkwe wangu mtarajiwa.

---

Kobe_Mtulivu

Weka picha ya mkono kwanza ndipo tuhukumu.

---

Tupa_na_Msasa

Pole sana mkuu. Nimefanya kazi hizi miaka mingi, na ulichoandika kimenichoma. Usiipige tena hiyo bunduki. Bolti ya Mauser ugumu wake uko kwenye ngozi ya juu tu, ndani ni chuma laini. Samawati inatokea chuma kikifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na kwenye shina lenyewe palipochomelewa moto ulikuwa mkali zaidi ya hapo. Tazama ule mkato wa nyuma unaopandisha pini unapoinua mkono. Uko jirani kabisa na shina, na ndio huungua wa kwanza. Pitisha ukucha: ukihisi mfereji mpya, pamelainika na patazidi kulika. Halafu angalia vijino viwili vya mbele vinavyofunga bolti. Kama rangi imefika huko, hiyo si bolti tena, usiirudishe kwenye bunduki.

Sisi tunavua kila kitu, tunaingiza kipande cha shaba ndani kinyonye joto, tunaviringisha kitambaa kibichi mbele, na tunachomelea kidogo kidogo. Hata asiye fundi angeuliza "hii springi niitoe?"

---

Mlenga_Paa

Asante sana mkuu. Mbele hapajafika rangi, nimeangalia kwa tochi. Ukucha umekwama kwenye ule mkato, yaani umekwama kabisa. Lakini hujasema lolote kuhusu kijiko.

---

Tupa_na_Msasa

Kuhusu kijiko sina utaalamu.

---

Shangazi_Shabaha

Mwanangu, huyo usimlilie peke yako. Mimi nilimpelekea darubini anifungie, nikamwambia kaza taratibu, akasema "mama, hizi ni kazi za wanaume." Alikaza pete mpaka bomba la darubini likabonyea kama kopo la maziwa. Sehemu ya kurekebisha masafa haizunguki tena, imekufa. Nilipomrudishia akaniuliza kama niliikalia. NILIIKALIA! Mtu na heshima zangu!

---

Mlenga_Paa

Shangazi shikamoo. Ni yuleyule! Miwani ilikuwa juu ya paji?

---

Shangazi_Shabaha

Marahaba baba. Ilikuwa juu ya paji, na nyingine imening'inia shingoni.

---

Jicho_la_Asubuhi

Kwani kulikuwa na haja gani ya kuchomelea? Tikka T3 yangu mkono wa bolti unachomoka wenyewe. Unatoa kikofia cha nyuma pamoja na pini, mkono unautelezesha nje ya mkato wake, unaingiza mwingine. Sijui moto, sijui tupa. Nimeweka kirungu kikubwa mezani huku nakunywa chai.

---

Chuma_cha_Babu

Tulikuwa tunakusubiri. Hakuna uzi humu ambao hujaingia na Tikka yako. Mtu analia bunduki yake imechomwa, wewe unanadi. Mauser iliundwa 1898, babu yangu kawinda nayo, nami nitawinda nayo. Hiyo yako imezaliwa 2003, haijamaliza hata kuota meno.

---

Jicho_la_Asubuhi

Meno yapo, na mkono wa bolti upo pia, tofauti na wa mwenye uzi.

---

Msasi_wa_Jioni

Hata virungu vya kufunga kwa hesi si salama akivishika huyo bwana. Mkono wa bolti yangu mimi una meno nchani, kipenyo inchi 5/16, meno 24 kwa inchi. Akaniletea kirungu cha M8, yaani cha milimita 8, akasema "zote ni nane tu." Nane tu! Ile ya inchi ni milimita 7.94, ndiyo, zinakaribiana, lakini hatua ya meno (jino hadi jino) ya M8 ni milimita 1.25 na ile nyingine ni 1.06. Kirungu kiliingia mizunguko miwili kikagoma. Angekichomoa basi! Akachukua plaizi. Nikasikia meno yanalia kwa sauti naikumbuka mpaka leo. Akakikabidhi kimekaa upande, akasema "hapo hakitoki."

Kilitoka. Nyati yuko mbele yangu, nimepiga ya kwanza, navuta bolti nipige ya pili, kirungu kimebaki kiganjani kama jiwe la kombeo. Kilichoniokoa siku ile ni mwenzangu aliyekuwa nyuma.

---

Mlenga_Paa

Mkuu hiyo ni hatari ya kufa. Lakini je, alikushika mkono? Mbele za watu? Alikutajia kijiko?

---

Kobe_Mtulivu

Bado tunasubiri picha ya mkono.

---

Binti_Mtutu

Samahani kaka, swali la nia njema kabisa. Mkwe naye alicheka?

---

Mlenga_Paa

Alitabasamu. Naona kutabasamu ni kubaya zaidi. Mtu akicheka utajua kacheka yakaisha. Huyu alitabasamu, akautazama mkono, akatazama pembeni. Naondoka nasikia yule bwana anarudia nyuma yangu, "kijiko," halafu nyundo inagonga meza.

---

Chuma_cha_Babu

Turudi kwenye hoja. Wanaosema mkono wa kuchomelewa hauaminiki, mnajua Remington 700 tangu 1962 mkono wake umelehemiwa kwenye mwili wa bolti? Haukuchongwa pamoja nao. Na watu wanawinda. Kuunga mkono wa bolti si dhambi, dhambi ni mikono ya anayeunga. Mauser zenyewe za kijeshi zilikuja na mkono uliokunjwa baadaye, tazama Karabiner 98k ya 1935.

---

Jicho_la_Asubuhi

Hakuna aliyebisha. Nimesema tu yangu inachomoka.

---

Chuma_cha_Babu

Na mimi nimesema yangu haichomoki. Hiyo ndiyo raha yake.

---

Tupa_na_Msasa

Mwenye uzi, ukimpata fundi mwingine, asipime kwa chemba tupu. Apime na ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki hiyohiyo, na aiangalie bolti kwa ubavu: mkono ukifika robo ya mwisho ya kuinuka, bolti ianze kurudi nyuma yenyewe kabla hujavuta. Isipofanya hivyo kazi haijaisha, hata kama kirungu kinang'aa kama taa. Na shina likishasagwa linajazwa upya, kisha linachongwa taratibu. Usikubali mtu akuambie "itazoea." Chuma hakizoei.

---

Mlenga_Paa

HILO NENO! "Itazoea." Aliniambia hivyohivyo siku ananikabidhi! Nimekumbuka sasa! Itazoea, halafu leo mkono wangu ni wa kushikia kijiko!

---

Binti_Mtutu

Kwangu alisema "itajipa" kuhusu kitako alichokipasua. Kitako cha mti mgumu, kimetoka kwa marehemu baba. Alikuwa anachonga nafasi ya mkono wa bolti ushuke vizuri, patasi ikakimbia ikafuata nyuzi za mti mpaka kwenye kifyatuo. Akajaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Mvua ya kwanza gundi ikavimba.

---

Shangazi_Shabaha

Pole binti yangu. Kitu cha marehemu kinauma kuliko kijiko.

---

Msasi_wa_Jioni

Kwa vile wote tuko hapa na tuna hasira, nami niseme la moyoni. Kuna mtu humu ndani aliazima ufito wangu wa kusafishia mtutu msimu uliopita. Anasoma uzi huu. Naona jina lake limewaka.

---

Kobe_Mtulivu

Kama unanisema mimi, niliurudisha.

---

Mlenga_Paa

Jamani, uzi unahusu mkono wa bolti. Sijamaliza. Kuna jambo alilosema nikiwa nimeshafika mlangoni ambalo sijawaambia.

---

Msasi_wa_Jioni

Uliurudisha umepinda! Ufito uliopinda unakwaruza mtutu kuanzia mdomoni, na hapo ndipo shabaha inapoharibikia! Na kichwa cha brashi hakikuwepo!

---

Binti_Mtutu

Brashi ya shaba au ya nailoni?

---

Msasi_wa_Jioni

Ya shaba. Mpya. Nilikuwa nimeitumia mara mbili.

---

Jicho_la_Asubuhi

Kobe, na kopo langu la mafuta je? Si ni wewe?

---

Kobe_Mtulivu

Kopo ulinipa likiwa tupu. Na ufito ulikuja kwangu tayari umepinda.

---

Msasi_wa_Jioni

Ulikuja umenyooka kama mstari! Uliuchukua mlangoni kwangu, ukaukagua kwa jicho moja, ukasema "huu ndio ufito sasa"! Shangazi alikuwepo!

---

Shangazi_Shabaha

Nilikuwepo. Lakini jua lilikuwa machoni, sikuuona vizuri.