Ukuta wa zege au majani kando ya mto? Naombeni ushauri

MkaziBondeni:
Wakuu habari za jioni. Nakaa Kigogo, Dar, bondeni huku karibu na Mto Msimbazi. Kila masika ukingo unamegwa, mwaka huu mpapai wangu wa uani umeenda na maji na sasa kutoka ukuta wa jikoni mpaka mtoni ni hatua tisa tu, nimezihesabu. Majirani wanataka tuchange tujenge ukuta wa zege ila kuna mama mmoja mtaani anasema tupande majani kwanza. Nina watoto wadogo, mvua ikianza usiku silali. Hivi majani yanaweza kweli kuzuia mto?

FundiBustani:
Pole sana mkuu. Huyo mama msikilizeni. Ukuta ukiwa peke yake maji yanauchimba chini ya msingi na siku ukilala unalala wote, halafu ile nguvu ya maji mnakuwa mmemsukumia jirani wa ng'ambo. Tafuteni vetiva, ni aina ya majani marefu, mizizi yake inashuka wima hata mita 3. Pandeni vuli ikianza, shina hadi shina kama sentimita 15, mistari ikate mteremko, masika yakifika yawe yameshika udongo. Na matete ya pale chini msiyafyeke jamani, watu wanadhani ni uchafu.

Binti_Pwani:
Nimefanya kazi Beira, Msumbiji. Mto Chiveve unapita katikati ya jiji, ulikuwa umejaa tope na taka, wakauzibua, maji ya bahari yakarudi kupwa na kujaa humo, wakapanda mikoko. Ila walianza na kuzibua, huwezi kupanda juu ya chupa na pampasi ukategemea mizizi ishike.

MzeeJangwani:
Mimi sikubali moja kwa moja. Mafuriko ya Desemba 2011 nilikuwa Jangwani, bonde hilo hilo la Msimbazi, maji yalifika madirishani, wenzetu wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Maji yale yanatoka juu, Pugu na Kisarawe, huko miti inakatwa mkaa na viwanja vinamwagwa zege mpaka getini, tone halina pa kuzama. Vetiva itashika udongo wako, haitapunguza maji yanayokuja. Hatua tisa ni chache mno mwanangu. Panda, lakini watoto wasilale chumba cha upande wa mto.

MkaziBondeni:
Shikamoo mzee, nimekuelewa, vitanda vyao nahamishia chumba cha mbele leo leo. Jumamosi tunaanza na taka. Fundi, vetiva kwa Dar naipata wapi na shina wanauzaje?