Naombeni ushauri: aljebra imeota kutu na baada ya likizo naanza kalkulasi

Hesabu_Zimenikataa:
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja, baada ya likizo hii ndefu naanza kozi ya kalkulasi na hapa nina wiki 10 mkononi. Aljebra nilisoma miaka miwili iliyopita na nilifaulu tena kwa alama nzuri tu, ila kiukweli nilifaulu kwa kukariri, ile ya swali likija na sura hii unafanya hivi likija na sura ile unafanya vile, mtihani ukaisha na kila kitu kikaisha nao. Juzi nimejaribu kurahisisha sehemu moja yenye x juu na x chini, nimekaa nayo dakika ishirini, mwisho nikapata jibu ambalo hata mimi mwenyewe sikuliamini na nilivyofungua majibu nyuma ya kitabu kweli sio lenyewe.

Nina kitabu cha kurasa 600. Plani yangu ni kuanza ukurasa wa 1 mpaka wa mwisho, kurasa 10 kila siku. Leo siku ya nne niko kwenye namba asilia na namba kamili na nimeshachoka. Niendelee hivi hivi au? Na ni vitu gani vya aljebra hasa vinatumika huko mbele ili nisipoteze muda? Mwenye uzoefu anisaidie, wa kejeli apite pembeni.

Mzee_wa_Vipeo:
Achana na ukurasa wa 1 aisee. Nilifanya hivyo hivyo enzi zangu, likizo ikaisha niko sura ya tatu. Zile sura tatu nazijua mpaka leo kama jina langu ila sasa hazikuwa na shida toka mwanzo, kazi ilikuwa huko nyuma ambako sikufika.

Fanya hivi mkuu, nenda kwenye mazoezi ya marudio mwisho wa kila sura, chukua swali moja moja mpaka yafike 20, changanya, funga kitabu, weka kalkuleta mbali, jipe saa moja. Halafu sahihisha kwa kalamu nyekundu. Umepata ngapi sio ishu, ishu ni umekosea WAPI, namaanisha mstari gani. Zungushia huo mstari. Njoo utuambie hapa.

Chapa_Kazi:
Mi naona mnampotezea muda. Aanze kalkulasi yenyewe sasa hivi, aljebra itajirudi yenyewe njiani akiitumia. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kurudia kusoma kuhusu maji.

mwl_kimya:
Chapa_Kazi nakuelewa lakini kwa huyu hapana. Nimefundisha kalkulasi kwa muda na karibu wote wanaoanguka hawaangushwi na kalkulasi. Ngoja nioneshe kwa swali moja tu la wiki za mwanzo, kutafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya 1/x kwa njia ndefu. Unaanza na hii, h ni hatua ndogo tu unayoongeza kwenye x:

[1/(x+h) − 1/x] ÷ h

Kutoa sehemu mbili unahitaji KDS (kigawe kidogo cha shirika), ile ile ya shule ya msingi, na hapa ni x(x+h). Juu inakuja x − (x+h). Sasa hapo ndo watu wanapoteana, anafungua mabano anaandika x − x + h anapata h, wakati alama ya kutoa ilitakiwa iguse vyote viwili vilivyomo ndani, jibu ni −h. Ukipata −h, ile h ya juu na h ya chini zinaondoka unabaki na −1/[x(x+h)], halafu unaiacha h isogee kwenye sifuri unapata −1/x². Hesabu mistari basi. Wazo la kalkulasi ni ule mmoja wa mwisho, iliyobaki yote ni aljebra, na aliyesahau mabano atakuja kulalamika kwamba kalkulasi ngumu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: sehemu zenye herufi ndo namba moja, hapo kaa hata wiki mbili usione aibu. Halafu vipeo, hasa vipeo hasi na vipeo vya sehemu, uweze kuona 1/x³ ukaandika x⁻³ na √x ukaandika x^(1/2) bila kufikiria maana kanuni za derivativu zinataka viwe kwenye sura hiyo. Kutafuta vigawo. Vipeuo. Mteremko wa mstari. Na ile alama f(x), ambayo wengi wanaichukulia kama pambo, ujue f(x+h) sio f(x)+h bali kila palipo na x unatoa x unaweka (x+h) PAMOJA NA MABANO YAKE. Logarithimu na trigonometria ziweke wiki za mwisho.

Binti_Hasi:
Naongezea la magazijuto. Wengi tulikariri mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa tukaondoka nayo kama ilivyo, na ina mitego miwili. Wa kwanza 10 − 4 + 3, ukifuata neno kwa neno unajumlisha kwanza unapata 10 − 7 = 3, kumbe jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unatoka kushoto kwenda kulia. Wa pili, magazijuto haina vipeo ndani yake kabisa! Vinakaa baada ya mabano, kabla ya kugawanya. Mimi nilikuja kugundua nikiwa mtu mzima na ndevu za kufikirika.

Hesabu_Zimenikataa:
Nimefanya hayo maswali 20. Nimepata 9 😭 Na kwenye yale 11 niliyokosa nimezungushia mistari kama mzee alivyosema, nikakuta makosa sio 11, ni kama manne tu yanajirudia rudia:

(x+5)² niliandika x² + 25
(x² + 6)/x nilikata x nikabaki na x + 6
−4² niliandika 16
na lile la mabano alilosema mwalimu, hilo nimelifanya mara TATU

Halafu jamani mimi ni dada sio mkuu haha

Mzee_wa_Vipeo:
Samahani dada. Ila hiyo ni habari njema ujue, kurasa 600 zimegeuka kuwa makosa manne.

La tatu Binti_Hasi ameshalijibu, kipeo kinaanza kabla ya ile alama ya kutoa, 4² ni 16 halafu ndo unaweka hasi mbele, −16. Ukitaka hasi nayo iingie kwenye kipeo ifungie mabano, (−4)² hiyo ndo 16.

Kwa mengine nakupa silaha moja, weka namba. Ukiwa na wasiwasi kama mstari wa juu na wa chini bado ni kitu kile kile, chukua x = 2 uweke kote. (2+5)² ni 49, wakati 4 + 25 ni 29. Uongo umekamatwa. (4+6)/2 ni 5, ila 2 + 6 ni 8. Umekamatwa tena. Usitumie 0 wala 1 hao wanaficha waongo, jaribu x = 0 kwenye lile la kwanza uone, inatoa 25 pande zote na wewe unaondoka unashangilia.

Kalamu_Nyekundu:
Kwenye (x+5)² chora. Chora mraba wenye upande x + 5, upige mstari wa kwenda chini na wa kwenda pembeni pale x inapoishia. Utaona vyumba vinne, kimoja kikubwa cha x², kile kidogo cha kona 25, na viwili virefu vyembamba vya 5x kila kimoja. Ukiandika x² + 25 maana yake umevisahau hivyo virefu viwili. Ni x² + 10x + 25. Ukishachora mara moja hurudii kosa, angalau mimi sikurudia.

Na mchoro huo huo ndo alioutumia mwanahisabati Al-Khwarizmi kule Baghdad karne ya 9. Swali lake moja maarufu ni x² + 10x = 39. Alichukua mraba wa x², ile 10x akaigawa vipande viwili vya 5x akaviegesha pande mbili, ikabaki kona moja wazi ya 5 kwa 5. Akaijaza kwa 25, na kwenye ile 39 akaongeza 25 hiyo hiyo ikawa 64. Mraba wa 64 upande wake ni 8, toa 5, x ni 3. Hiyo ndo kukamilisha mraba ambayo wewe ulikariri kama fomula. (Jibu lingine, −13, hakulihesabu, enzi hizo upande wenye urefu hasi ulikuwa hauwaingii akilini.) Hata neno aljebra limetoka kwake, al-jabr, ni kurudishia kilichopungua, kwa Kiarabu neno hilo hilo linatumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Na jabari letu ni mzizi huo huo.

Chapa_Kazi:
Kwa hiyo dada amekuja kwa fundi wa mifupa 😂

Sawa nimekubali nusu. Ila wiki mbili za mwisho afungue sura ya limiti (thamani ambayo jibu linaikaribia) hata kama hajamaliza kila kitu, aone kutafuta vigawo kuna kazi gani. Kama hii (x² − 9)/(x − 3), ukiweka 3 unapata sifuri juu sifuri chini unakwama, ukiivunja juu kuwa (x − 3)(x + 3) inakatana inabaki x + 3 na jibu ni 6. Mtu akiliona hilo anaacha kuuliza vigawo vya nini.

mwl_kimya:
Hapo tumeelewana. Na hapo dada uone tofauti, huyu amekata (x − 3) kihalali kwa sababu inazidisha juu yote na chini yote. Wewe kwenye (x² + 6)/x ulikata kitu kinachojumlishwa. Kinachozidisha vyote kinakatwa, kinachojumlishwa hakikatwi.

Binti_Hasi:
Ratiba sasa. Dakika 40 kwa siku, siku tano, mbili pumzika. Usimalize mada moja ukaiacha, kila siku fanya maswali kama 8, matano ya mada ya leo na matatu ya zamani bila kuangalia mfano, maana kwenye mtihani hakuna anayekuandikia juu ya swali kwamba hii ni ya vigawo. Uwe na daftari la makosa, kila kosa unaandika mstari mbovu, pembeni mstari sahihi, na sentensi moja kwa maneno yako. Video za Khan Academy ni za bure na zinasaidia ila isimamishe kabla hajasolvu, fanya mwenyewe kwanza. Kumwangalia mtu anafanya hesabu unahisi umeelewa, subiri uachwe na karatasi tupu uone.

Hesabu_Zimenikataa:
Nimerudi, ni wiki ya sita. Sehemu zimekaa, vipeo vimekaa, sijui kuwashukuru vipi. Ila hii imenitesa toka asubuhi, wanataka kurahisisha

(√(x+4) − 2)/x

Nikazidisha juu na chini kwa √(x+4) + 2. Juu nikapata x + 4 − 2, yaani x + 2. Kwa hiyo jibu langu ni (x+2) gawa kwa x(√(x+4) + 2). Nikafanya ile ya mzee nikaweka x = 5, swali lenyewe linatoa (3 − 2)/5 ambayo ni 0.2, langu linatoa 7/25 ambayo ni 0.28. Najua nimedanganya ila sioni wapi. Msiniambie jibu, niambieni mstari tu.

mwl_kimya:
Mstari wa juu. Ile 2 ya mwisho.

Hesabu_Zimenikataa:
Dah

Ni 2². Ni 4. x + 4 − 4 inabaki x peke yake, na inazidisha juu yote kwa hiyo inakatwa kihalali, inabaki 1/(√(x+4) + 2). Nikiweka 5 napata 1/5. 0.2!!! Na hii sasa hata x ikiwa 0 haikwami, inatoa robo, wakati mwanzo ilikuwa sifuri juu sifuri chini.

mwl_kimya:
Hiyo robo uliyoipata ndo limiti. Umeshaanza kalkulasi.

Hesabu_Zimenikataa:
Weee. Chapa_Kazi asione hii

Chapa_Kazi:
Nimeona.